Sindano Isiyomshika Simioni

Jumanne, 8 Februari 1977

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo mchana. Imepita kwenye bati lililotoboka, ikamwagikia kitanda cha kupimia wajawazito. Nimesogeza kitanda, nimeweka ndoo. Mzee Rubeni, mganga wa zahanati yetu, alikuwa amesinzia kwenye kiti chake na wala kelele za mvua hazikumwamsha. Huu ni msimu wa tatu mimi, muuguzi wake, nafanya kazi naye, na kila siku ni hivyo hivyo: anafika na matope miguuni, anakaa, anasinzia. Kuchemsha sindano ni mimi, kliniki ya watoto ni mimi, kufagia pia mimi.

Redio inasema mpaka wa Sirari umefungwa. Mwenyekiti Stanslaus hana habari na mpaka, yeye na vijana wake wanacheza ngoma ya chama kipya tangu Jumamosi. Mimi nawaza utambi wa jokofu. Ule wa mwisho niliununua ng'ambo ya Sirari nilipokwenda kumwona mama. Mafuta ya taa yenyewe ni ya kubahatisha. Kwa sasa jokofu limezimwa, tunawekea sabuni.

Alhamisi, 17 Februari

Mvua. Wajawazito, kuhara, jipu moja. Miguu inauma.

Jumamosi, 26 Februari

Tomaso amerudi nyumbani na sanduku lake. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda. Anasema tangu mpaka ufungwe wageni hawaji, wakubwa wake wamewaambia wapishi waende wakalime.

Nyumba yake ni ya pili kutoka zahanati. Tangu Operesheni Vijiji ikusanye watu hapa tumepangwa kwa mistari kama mahindi, mtoto akikohoa kwa Tomaso nasikia nikiwa kitandani kwangu. Ana wake wawili. Mkubwa ni Nyangi, wa hapa hapa Natta, mama wa Simioni, mvulana wa miaka miwili mwenye tumbo la mviringo na kelele nyingi. Mdogo ni Ghati, Mkurya wa Tarime kama mimi. Ana binti, Boke, na mtoto mchanga, Kisyeri. Ghati akichoka na Kiswahili huja kwangu tukaongea Kikurya mpaka apumue.

Wake wenza hawa hawafanani. Mwaka jana chanjo ya surua ilipokuja, Nyangi alifika wa kwanza, umande haujakauka. Stanslaus alikuwa amepita na kipaza sauti mistari yote akitangaza, "Mtoto akichomwa sindano, surua kwaheri!" Karibu kijiji kizima kilikuja. Ghati hakuja. Mkono wa mtoto wa dada yake uliwahi kuvimba jipu baada ya sindano fulani, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba kubwa. Akamficha Boke shambani mpaka gari la chanjo lilipoondoka.

Jumatano, 9 Machi

Nyangi kamleta Simioni ana homa, kikohozi, macho mekundu yanayotoa machozi. Nilidhani ni mafua ya mvua. Kisha nikamfungua mdomo, nikaona ndani ya mashavu vidoa vyeupe kama chembe za chumvi.

Nilimfungua mara ya pili. Nilimpeleka mlangoni penye mwanga nikamfungua tena.

"Ni nini, Sista?" Nyangi akauliza.

"Ni surua, mama."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo la utani. "Surua gani? Si ulimchoma wewe mwenyewe? Mkono huu." Akaniinulia mkono wa mtoto anionyeshe.

Nilimwambia ampe maji mengi na asimfiche gizani.

Jumamosi, 12 Machi

Vipele vimetoka, vimeanzia nyuma ya masikio. Wengine wapya leo, mstari wa pili na wa tano. Baadhi nawakumbuka kwenye foleni ya mwaka jana. Mama mmoja alinitupia kadi ya kliniki mezani, akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 15 Machi

Mvua. Dawa ya macho inaisha. Nimekula ugali mkavu nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 18 Machi

Simioni anapumua kwa mbavu. Nampa penisilini asubuhi na jioni. Nyangi hanitazami usoni tena. Anatazama sindano tu. Leo alisema kwa sauti ndogo, si kwa hasira, "Ile ya mwaka jana ilikuwa dawa kweli, au maji?"

Nilimwambia ilikuwa dawa. Barafu ilikuwa bado kwenye sanduku ilipofika, niliigusa kwa mkono wangu. Lakini huko njiani, kabla haijafika kwangu, sikuwepo.

Jumatatu, 21 Machi

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Asubuhi midomo ya Simioni ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Nilimwambia Mzee Rubeni kwamba hapa hatuna tena la kufanya, apelekwe hospitali. Nilitegemea aseme barabara mbaya, tusubiri. Yeye aliinuka, akavua viatu, akavifunga kamba shingoni. "Twende," akasema.

Tulikwenda wanne: Tomaso na mtoto mgongoni, Nyangi na chupa ya maji ya sukari, Mzee Rubeni mbele na fimbo, na mimi. Mvua ilikuwa imekatika, jua likawaka, matope yakaanza kunuka. Tulipofika mtoni tukakuta mto si mto. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mitete, mekundu, yanabeba magogo. Mzee Rubeni aliingia. Yalimfika kiunoni, kisha kifuani, kisha fimbo ikamtoka mkononi, na Tomaso akamvuta kwa shati. Akajaribu juu zaidi, kwenye mawe. Huko nako hakuna njia.

Akarudi akitapika maji. Alisema, "Tukae. Mto huu hujaa haraka na hushuka haraka. Mchana maji yatakuwa yamepungua."

Tukakaa. Nyangi alimpakata mtoto, akawa anamtia maji mdomoni kwa kifuniko cha chupa. Tomaso alisimama majini akiangalia jiwe moja lililokuwa limefunikwa nusu, ili ajue kama maji yanashuka. Kila mara alituambia, "Yanashuka. Naona yanashuka." Na kweli yalikuwa yanashuka.

Simioni alikata roho kabla jiwe halijatoka lote. Nyangi alijua kabla yangu. Aliacha kumwekea maji, akafunga kifuniko cha chupa vizuri, akakikaza, akaiweka chupa chini.

Tomaso hakuweza kumbeba kurudi. Aliyembeba ni Mzee Rubeni, miguu peku, hatua kwa hatua, bila kupumzika mpaka nyumbani. Mimi niliyemwita mvivu moyoni mwangu msimu wote nilikuwa nyuma yake nikishindwa kufuata mwendo wake.

Tumemzika leo asubuhi.

Alhamisi, 24 Machi

Boke ana homa. Ghati hakuniambia, nimemsikia akikohoa. Nilipobisha hodi alisema mtoto kalala.

Jumapili, 27 Machi

Leo Ghati amefungua. Boke ana vipele mwili mzima, mdomo umejaa vidonda. Nikampaka dawa ya zambarau. Jicho la kushoto lina kidoa cheupe. Kuna dawa ya majani walimtia juzi, Ghati amekiri mwenyewe, analia. Sikumgombeza. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kugombeza kungehitaji nguvu nisizokuwa nazo.

Kisyeri hakuwepo. Nikamuuliza yuko wapi. Akaonyesha kwa kidevu uani. Nyangi alikuwa anapembua ulezi na mtoto yule mgongoni, amefungwa kwa kanga ile ile ya Simioni.

Mzee Rubeni anasema wachanga wa umri wake bado wana kinga waliyotoka nayo tumboni kwa mama, pengine surua haitamgusa.

Jumapili, 10 Aprili

Pasaka. Kanisani mama wengi walikaa mbali na benchi langu. Boke amepona homa. Jicho la kushoto limekufa.

Nilimkuta Tomaso ukutani kwangu akiningoja. Tomaso si mtu wa maneno, lakini leo aliyasema.

"Sista, nieleze mimi mtu wa jikoni nielewe. Mke mmoja alikusikiliza. Mwingine hakukusikiliza. Aliyekusikiliza kazika. Asiyekusikiliza mtoto wake yupo, ana jicho moja, lakini yupo. Sasa mimi nifuate nini?"

Nilimwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, kama vile hilo jibu angalau ni la kweli, akaenda zake.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua usiku kucha. Wagonjwa wapya ni wachache kijijini. Nimelala saa kumi jioni na viatu.

Jumanne, 19 Aprili

Leo nimejua Mzee Rubeni anatoka wapi na matope yake.

Nilimwuliza kama kuna dawa ya macho imebaki kabatini, akasema ameipeleka Ng'ambo. Ng'ambo gani? Akafunga mlango wa kabati, akasema, "Kesho njoo uone. Ila ufunge mdomo."

Ng'ambo ya mto wako watu waliogoma kuhamia kijijini. Nyumba zao zilichomwa wakati wa Operesheni, wao wakarudi mahameni, kwenye makazi yao ya zamani, wakajenga upya, wamejificha kwenye vichaka. Stanslaus alishatoa amri: anayetaka dawa ahamie kijijini. Kumbe Mzee Rubeni huvuka kila alfajiri, msimu wa tatu huu, anawatibu, kisha anakuja kusinzia kwenye kiti mimi nikimnung'unikia.

Jumatano, 20 Aprili

Nimekwenda. Maji yalitufika magotini.

Sijui niandike vipi. Hapa kijijini surua ilichukua mmoja mmoja: nyumba hii yumo, nyumba tatu hamna, kisha yumo mwingine. Kule hakuna mlango iliouruka. Niliingia nyumba ya kwanza nikakuta watoto wote wamelala mstari mmoja kwenye ngozi, wakubwa kwa wadogo. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hapakuwa na watoto tena. Bibi mmoja alinishika mkono akasema kwa Kinata kitu ambacho Mzee Rubeni hakunitafsiria. Vijikaburi viko nyuma ya zizi, udongo wake bado mwekundu. Na kule hawakai kwa kubanana kama sisi, nyumba ziko mbali mbali.

Tulifanya kazi mpaka mchana. Wakati wa kurudi nilimwambia, "Mzee, hawa hakuna aliyechanjwa."

"Hakuna."

"Kwa hiyo ile ya kwetu haikuwa maji."

"Haikuwa maji," akasema. "Lakini kamwambie Nyangi uone."

Ijumaa, 29 Aprili

Mganga wa wilaya amefika na Landrova, barabara imekauka kidogo. Kijana, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Anasema vijiji vingine pia ni hivi.

Nilimuuliza juu ya Simioni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hata chanjo ikifika na ubaridi wake kamili, wapo watoto ambao haiwashiki, katika kumi mmoja, pengine wawili, na mtoto huyo ukimwangalia hana tofauti na wenzake. Ikipata joto njiani wanakuwa wengi zaidi. Na ukichanja wengi, basi hata katika wagonjwa lazima utawakuta waliochanjwa, kwa sababu ndio waliojaa kijijini.

"Simioni alikuwa katika kundi lipi?"

"Hatutajua, Sista."

"Mama yake nimwambie nini?"

Akazungusha kofia yake mkononi. "Hilo sikufundishwa," akasema.

Chanjo nyingine italetwa wakati wa mavuno. Ameniahidi sanduku lenye barafu siku hiyo hiyo, nisihitaji jokofu.

Ijumaa, 6 Mei

Stanslaus kaniita ofisini. Kesho kuna mkutano wa kijiji. Alinikaribisha kiti, akaniletea chai yenye sukari, nikajua kuna jambo.

"Sista Kezia, watu wanasema chanjo ya serikali ni maji. Mavuno yakija hawataleta watoto, na mimi wilayani nitaulizwa. Sasa kesho utasimama useme hivi: wote waliougua hawakuchanjwa. Basi. Mama zao walidanganya."

"Ndugu Mwenyekiti, Simioni nilimchoma mwenyewe."

"Nani anajua?"

"Mama yake anajua."

"Mama mmoja," akasema. Hakusema kwa ukali. Aliongea kama mtu mwenye mzigo mzito anayetafuta pa kuutua, na pa kuutua palikuwa ni Nyangi. "Fikiri watoto wa kijiji kizima, Sista. Uongo mdogo ukiokoa watoto, ni dhambi?"

Sikumaliza chai. Jambo linalonisumbua ni kwamba swali lake si la kijinga.

Jumamosi, 7 Mei

Watu walijaa uwanja wa shule. Stanslaus alianza yeye. Alisema surua imekwisha, Chama kinawapa pole wafiwa, na imegundulika kwamba wazazi fulani walikwepa chanjo kisha wakaisingizia serikali. Watu wakaanza kugeuza vichwa. Nyangi alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, Kisyeri mapajani, na niliona vichwa vikimfikia yeye. Ghati alikuwa pembeni yake. Ghati, ambaye kweli alikwepa, aliinamisha uso mpaka magotini.

"Sista atathibitisha," akasema Stanslaus.

Nilisimama. Nikasema, "Nyangi alimleta Simioni. Alikuwa wa kwanza. Nilimchoma mimi, mkono wa kushoto, na aliugua na akafa. Nyangi hajadanganya."

Kelele zikazuka. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Basi kumbe ni maji!" Mwingine akasema tunawaua watoto wa watu. Nikangoja. Waliponyamaza kidogo nikawaambia kwamba chanjo hii haimshiki kila mtoto. Wengi inawashika, wachache haiwashiki, na sina jicho la kuwaona mapema. Aliyewaambia surua kwaheri aliahidi asichokuwa nacho.

"Na mwaka huu?" mama mmoja akauliza. "Nikimleta wangu, unaniahidi?"

"Siahidi."

"Sasa nije kufanya nini?"

Hapo Mzee Rubeni akainuka, taratibu, anashikilia kiuno. Alisema, "Mimi nitasema nilikotoka leo asubuhi, na Mwenyekiti atanisamehe. Nimetoka Ng'ambo. Huko nakwenda kila siku. Huko hakuna sindano iliyofika. Mmewasikia wakilia, upepo unaleta. Mnajua ni nyumba ngapi? Ni chache. Mnajua wamebaki watoto wangapi? Nendeni mkaangalie, maji yamepungua." Akakaa.

Hakuna aliyepiga kelele tena. Lakini hakuna aliyepiga makofi pia. Stanslaus alifunga mkutano bila kutazama upande wetu. Nyangi aliondoka na wenzake.

Jumanne, 17 Mei

Mzee Rubeni amehamishwa. Kituo kingine, mbali, ziwani. Wamempa siku chache. Nimemwambia ni kosa langu, akacheka. "Mgonjwa hatibiwi kwa kusameheana," akasema, "anatibiwa kwa kuvuka mto. Je, wewe unaogopa maji?" Nikamwambia naogopa. "Basi shika fimbo ndefu kuliko yangu."

Jumamosi, 28 Mei

Nimevuka peke yangu. Nimerudi nimelowa.

Alhamisi, 9 Juni

Nyumbu wamepita mashambani upande wa hifadhi, mtama mwingi umekanyagwa. Watu wanalinda mchana na usiku. Mganga mpya hajaletwa. Zahanati ni mimi na ndoo.

Jumatano, 22 Juni

Sanduku limefika saa tatu, barafu nzima. Dereva alilifungua mbele ya watu kama nilivyomwomba, nikawaambia wanaotaka waje waiguse. Waliokuja kuigusa walizidi waliokuja kuchanjwa.

Foleni ilikuwa fupi. Mwaka jana ilizunguka jengo, leo haikufika mlangoni. Kila mama aliuliza swali lile lile, na kila mmoja nilimjibu lile lile, mpaka koo likakauka. Wengine waligeuka wakaenda. Mama wawili wa Ng'ambo walitokea upande wa nyuma, wamejifunika, nikawaita mbele kabla Stanslaus hajafika. Alipofika aliwaona. Akageuka, akaenda kukagua mlingoti wa bendera.

Mchana nilianza kukusanya vitu. Nikamwona Nyangi anakuja toka mstari wa mbele, taratibu, na Kisyeri mgongoni. Ghati alikuwa nyuma yake kwa mbali. Alifika mpaka kwenye nguzo ya zahanati, akasimama hapo, hakusogea tena.

Nyangi alimfungua mtoto akamkalisha mezani. Kisyeri amenenepa. Alishika bomba la sindano akataka kulila.

"Mama yake anaogopa," Nyangi akasema. "Nimemwambia nitamleta mimi."

Nilitaka kumwambia maneno yote niliyokuwa nimemwekea tangu Machi. Nikasema tu, "Nyangi, huyu naye siahidi."

"Nimekusikia uwanjani. Sikuja kwa ahadi." Akaukunja mkono wa shati la mtoto mpaka begani, akaushika kwa mikono miwili usitikisike. "Na lile ulilosema uwanjani, kwamba Simioni nilimleta. Mama mkwe wangu alikuwa ameanza kuniuliza kama kweli nilimpeleka."

Nikavuta dawa.

"Choma, Sista," akasema. "Mimi natazama kule."

Akageuza uso ukutani, lakini mikono yake haikulegea. Nikachoma. Kisyeri akalia kwa sauti kubwa yenye afya, na Ghati akaiacha nguzo akaja mbio.